Msimu wa Mama Mkwe Bustanini

Mke wangu alifariki mwishoni mwa kiangazi. Aliumwa siku chache tu. Aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akaniambia nisisahau kumwagilia miche ya nyanya, na asubuhi moja muuguzi akaniita pembeni, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba wameshindwa. Nilimsikia vizuri. Nikamuuliza kama naweza kuchukua beseni letu na chupa ya chai. Akanitazama kidogo, akasema naweza.

Mazishi yalikuwa hapa hapa nyumbani, Nyamiaga. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Watoto wetu wawili walikuja, mmoja kutoka Kahama alikoolewa, mwingine kutoka chuoni, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikaa kwenye kiti chini ya turubai. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, nina karakana pale Ngara mjini, na nakumbuka kwamba muda wote padri anaongea nilikuwa naangalia nguzo ya lile turubai. Ilikuwa imechomelewa vibaya kwenye kona. Niliwaza kwamba upepo ukija wa nguvu itaachia. Hicho ndicho nilichokiwaza wakati wanamshusha.

Watu walisema najikaza kiume. Sikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukikaza. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi, unauona kwamba ni wako, unaugusa, lakini haukujibu.

Wageni wakaondoka, watoto wakarudi walikotoka. Nikarudi karakana. Nilitengeneza mageti na madirisha kama kawaida, jioni nikapanda kilima kurudi nyumbani. Jirani yetu, mama mjane ambaye uwanja wake umepakana na wangu, alikuwa akiniachia ndizi na maharage kwenye bakuli lililofunikwa. Nilikula. Ukiniuliza vilikuwa na ladha gani, siwezi kukuambia.

Bustani ya mke wangu ilikuwa nyuma ya jiko, unaipita ukienda chooni. Ilikuwa na matuta ya mboga, mchicha, mgagani, mnavu, matembele, na ngogwe, zile nyanya chungu, kwenye ukingo, na mboga za maboga zikitambaa mpaka kwenye ukuta. Katikati ya mboga alikuwa anapanda maua. Kwetu sisi wanaume shamba ni migomba na kahawa. Bustani ilikuwa ya kwake, na mimi sikuwahi hata kuuliza kipi kinapandwa lini. Ile miche ya nyanya aliyoniagiza sikuimwagilia. Sikuisahau. Niliipita kila siku nikaiona inasinyaa, kisha inakauka, na sikuona sababu ya kuinama kuchukua ndoo.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilirudi siku moja kutoka kazini nikakuta mama mkwe wangu yuko bustanini na jembe.

Alikuwa ametoka kwao Biharamulo asubuhi, bila kumwambia mtu. Alikuwa amevaa kitenge cha kulimia, kingine amejifunga kichwani, na alikuwa ameshang'oa mabua yote na kuyarundika pembeni. Niseme hapa jinsi nilivyolelewa. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamwangaliani usoni. Ukikutana naye njiani unapisha. Miaka yote ya ndoa yangu mimi na yule mama tulikuwa tumesalimiana tu, tena huku kila mmoja anatazama upande wake.

Nikasimama kwenye kona ya jiko. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu, akiwa ameinama vile vile. Kisha akaliambia jembe, "Udongo huu si mbaya. Umeachwa tu."

Nilidhani amekuja kwa siku mbili. Jioni ile akaenda kulala kwa jirani, maana haikuwa sawa alale kwangu, na asubuhi kabla sijanawa uso nikasikia jembe linagonga udongo tena. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alikuwa anatoka kwa jirani, analima, anapika jikoni mwangu, anafunika chakula changu mezani, kisha anabeba cha kwake kwenda kukila kwa jirani. Hakunieleza kwa nini amekuja wala atakaa hadi lini. Sikumuuliza. Hata wazo la kuuliza halikunijia.

Alikuwa na namna yake ya kuniagiza. Kwa kuwa hakutaka kuongea nami ana kwa ana, alikuwa anaviambia vitu vilivyo mbele yake.

"Mwenye nyumba angeleta samadi," aliuambia mchicha, "mambo yangekuwa mepesi."

Kesho yake nilileta samadi ya ng'ombe kwenye toroli, nikaimwaga pale alipokuwa ameangalia. Hakusema asante. Aliiambia samadi, "Imeiva vizuri hii, haitaunguza."

Basi nikaanza kuamka mapema kidogo na kulima kabla ya kwenda kazini. Yeye alianzia upande wa jiko, mimi upande wa ukuta. Sikulima kwa mapenzi, wala sikuwa namkumbuka marehemu nikiwa pale. Nililima kwa sababu jembe la pili lilikuwa limeegemezwa ukutani na kukaa ndani kulikuwa hakuna tofauti na kukaa nje. Asubuhi za Ngara zina ukungu mwingi wakati wa mvua. Tulikuwa tunasikiana majembe tu bila kuonana, na nadhani wote wawili tuliona ni afadhali hivyo.

Mbegu mke wangu alizihifadhi jikoni, juu ya mafiga, zimefungwa kwenye maganda makavu ya mgomba na kuning'inizwa ili moshi uzifukuzie wadudu. Siku ya kusia, mama alizishusha zote, akaziweka kwenye ungo na kuzifungua moja moja. Alizitambua kwa kuziangalia na nyingine kwa kuzinusa. Mgagani. Mnavu. Maboga, mbegu nyeupe kubwa. Mchicha ule wa majani mekundu. Alipofika kwenye kifungu cha mwisho alisita. Ndani kulikuwa na vijiti vyembamba vyeusi, kila kimoja kina ncha nyeupe kama manyoya.

"Hizi sizijui," aliuambia ungo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hata mimi sikuzijua, na niliona vibaya kunyamaza, nikasema, nikiangalia nje, "Hata mimi, mama."

Alizichezesha kiganjani. "Zisiwe dawa ya panya tu," alisema. Akazitia mfukoni mwa blauzi, na nilipotoka nilimwona akizisia pembezoni mwa tuta la mwisho, akifukia kwa kidole.

Mboga ziliota. Mchicha ulitangulia, halafu mgagani, halafu maboga yakainua udongo kwa vichwa vyake. Zile mbegu nyeusi nazo zilitoa miche yenye majani yaliyochanikachanika, na ukiyagusa yanaacha harufu kali mkononi ambayo haitoki kwa sabuni. Kabla hata haijachanua nikawa nimeshajua ni nini. Yalikuwa maua ya njano ya mke wangu, yale aliyoyapanda kila msimu na mimi kila msimu nilipita nayaona. Sikuwa nimewahi kujiuliza yanatoka kwenye mbegu ya namna gani.

"Maua," mama aliiambia ndoo alipoyaona yametoa vifundo. "Tangu mdogo alikuwa hivyo. Unamtuma akapande maharage, unakuta pembeni ameweka ua."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mwanawe tangu aje. Nilisubiri kama ataendelea. Akaining'iniza ile ndoo kwenye mkono na kwenda kuchota maji.

Jumapili moja tulikwenda kanisani, yeye na jirani mbele, mimi nyuma yao kwa mbali. Uzio wetu upande wa bonde ulikuwa wa miti tu, tena iliyooza. Tuliporudi tulikuta mbuzi wameingia. Walikuwa wameshatoka, lakini nyayo zilikuwa kila mahali na mboga hazikuwepo. Mchicha ulikuwa vishina. Mgagani vile vile. Maboga walikuwa wameyavuta na mizizi, wakakata yale maua yake makubwa na kuyaacha mengine yamekanyagwa. Matembele yalikuwa kamba tupu. Kilichobaki kimesimama katika bustani nzima kilikuwa ule mstari wa maua ya njano. Mbuzi hawali kitu chenye harufu ile.

Mama alisimama na nguo zake za kanisani. Jirani akaanza kulaumu, akitaja mbuzi ni wa nani na kwamba ni tabia yao. Mimi nilisubiri mama naye aseme neno. Alienda akakaa juu ya tuta, kwenye udongo, na kitenge chake kizuri.

"Wamekula," alisema.

"Ndiyo, mama. Wamekula."

Mama akanyoosha mkono, akashika shina la ua lililokuwa karibu naye, akaling'oa.

"Kinacholiwa kimekwenda," alisema. "Kisicholiwa ndicho kimebaki. Mimi nina meno mangapi? Naona hata jani la mgagani kulitafuna ni shida. Mimi nipo, mwanangu hayupo."

Nilielewa anachosema, na nilijua kwamba mtu mwingine angeenda pale akapiga magoti karibu naye, au angeondoka akajificha. Nilibaki nimesimama na kitabu changu cha nyimbo mkononi. Baada ya hapo mama alichimba tundu kwa vidole, akalirudishia lile ua mahali pake, akalishindilia udongo kwa ngumi, akaenda kubadili nguo.

Kesho yake sikwenda kwenye kazi za watu. Nilikusanya karakana mabaki ya nondo na vipande vya bomba, nikakata, nikachomelea, nikatengeneza geti dogo na uzio wa upande wa bonde. Ilinichukua siku kadhaa. Kuchomelea ndiyo kazi pekee ambayo mikono yangu inaifanya bila kuniuliza, na katika siku zile nilikuwa nashukuru kwa kitu chochote ambacho hakiniulizi. Nilipoweka lile geti, mama alikuja akalifungua na kulifunga mara nyingi, akisikiliza bawaba.

"Halilii," aliliambia geti.

"Nimelipaka grisi, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukasia tena. Mvua zilikuwa bado zipo, na mgagani hauna makuu, ulichipua hata kwenye vile vishina.

Zilikuwa zimepita wiki chache hivi, jirani akaja karakana anahema. Alisema mama amepandwa na homa tangu jana, alimkataza asiniambie, na sasa anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilizima mashine, nikachukua bodaboda, tukapanda. Nilimkuta amelala kwenye mkeka kwa jirani, anatetemeka, midomo imekauka. Jirani alijaribu kumwinua, akashindwa. Dereva wa bodaboda alikuwa nje anageuza pikipiki.

Nilisimama mlangoni. Sikuwa nimewahi kumgusa mama mkwe wangu hata kidole. Jirani akasema, "Baba, unasubiri nini? Mbebe."

Nilichukua kitenge kilichokuwa kimetandazwa, nikamzungushia mwili mzima mpaka shingoni ili mikono yangu iguse nguo, nikambeba. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mtungi wa gesi ninaoubeba kila wiki. Alifumba macho yake kwa nguvu, kama mtoto anayedhani asipokuona na wewe humwoni. Tulikaa watatu kwenye pikipiki, yeye katikati, hadi hospitali.

Ilikuwa hospitali ile ile. Wodi ile ile ya wanawake, na benchi lile lile nje. Nilikaa pale wakimwekea dripu. Nilingoja nione kama nitahisi kitu kwa kukaa pale. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya mpaka katikati. Nililiona hilo.

Walisema ni malaria kali lakini amewahi. Siku iliyofuata homa ilikuwa imeshuka, ila alikataa kula. Uji wa jirani aliurudisha, ndizi akazisogeza. Nilipokuja jioni kumwona, nikasimama miguuni mwa kitanda, akageukia ukutani akauambia ukuta, "Ningepata mgagani."

Jirani alikuwa ameshatangulia kwake kulisha wanafamilia. Nilirudi nyumbani mwenyewe, nikafungua lile geti, nikachuma mgagani mpaka ukajaa ungo. Sikuwa nimewahi kupika mboga ile. Nilimwona mke wangu akiipika mara nyingi, lakini kuona ukiwa unasubiri chakula si kuona. Niliosha, nikakatakata, nikaitia kwenye sufuria na kitunguu na mafuta na chumvi, nikaifunika. Ilipolainika nikasonga ugali, nikafunga vyote kwenye kitambaa, nikashuka hospitali kabla hawajafunga kuona wagonjwa.

Aliketi mwenyewe kitandani. Alikula tonge la kwanza, akatafuna polepole, akaacha kutafuna. Halafu akainua uso, akanitazama. Macho yake yalikuwa ya mke wangu, rangi ile ile ya kahawia iliyofifia kwenye ukingo. Sikuwahi kujua, kwa sababu sikuwahi kumwangalia.

"Umepika wewe?" aliuliza. Aliniuliza mimi, si ukuta.

"Mimi, mama."

"Hukumwaga maji ya kwanza."

"Sikujua kama yanamwagwa."

"Unachemsha, unamwaga, halafu unaweka maziwa au karanga. Ukiacha hivi ni uchungu mtupu."

"Basi lete, mama, nikakuletee kitu kingine."

"Acha," alisema. "Niachie."

Akala. Alikula mboga ile yote, tonge kwa tonge, na kila tonge uso unakunjamana, mpaka akafuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha ugali. Nikampa maji. Akanywa, akaweka kikombe chini.

"Baba," alisema, "mke wako ulimlilia?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mama."

"Hata msibani?"

"Hata msibani. Sijui kwa nini. Sisikii kitu."

Alilaza mikono yake juu ya shuka. "Mimi pia sijamlilia," alisema. "Watu walikuwa wananishika huku na huku wakidhani nitaanguka, na mimi nilikuwa wima kama mti. Nikasema nikienda kwake, nikashika udongo wake, machozi yatakuja. Ndiyo maana nimekuja. Nimelima, nimelima, mpaka nimeumwa. Hayaji."

"Pole, mama."

"Pole na wewe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alituuliza kama tuna chumvi. Nikasema hatuna. Mama akasema, "Labda hatutalia."

"Labda."

"Ni vibaya?"

"Sijui, mama."

Akaitikia kwa kuguna. Sikuona amehuzunika kwa jibu langu. Nadhani alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo lile, kama nilivyokuwa nimechoka mimi, na sasa tulikuwa wawili tusiosikia kitu, kila mmoja anajua habari za mwenzake. Kengele ya wageni ilipogongwa nikabeba bakuli nikaondoka.

Alitoka hospitali akiwa dhaifu, lakini hakukubali kukaa. Alikaa kwenye kigoda kando ya tuta akaniongoza. Kuanzia hapo aliongea na mimi moja kwa moja tukiwa bustanini. Ndani ya nyumba na mbele za watu alirudi kuongea na masufuria. Alinionyesha kuchuma mchicha bila kuuumiza, kuacha mimea mizuri mitatu minne ikomae mbegu, kupukuchua, kuchanganya na majivu. Alinifundisha pia kupika maua ya maboga, yale ya kiume tu ambayo hayazai, unayachuma asubuhi yakiwa yamefunguka na unayatia kwenye karanga. Yale ya njano yenye harufu aliyaacha yachanue mpaka yakakauka yenyewe, akayakusanya vichwa, nusu akanifungia, nusu akatia kwenye mfuko wake.

Alirudi Biharamulo mvua zilipopungua. Nilimsindikiza stendi, nikambebea kiroba cha ngogwe na maboga. Alipanda basi, akakaa dirishani, akaangalia mbele. Nami nikaangalia magurudumu mpaka likaondoka.

Msimu uliofuata nilipanda mwenyewe. Mistari yangu imepinda, watu wa karakana walionitembelea waliicheka. Nyanya zangu zilianza vizuri, halafu majani yakajikunja na kuota vidoa. Nilimpigia simu, na kwenye simu nikagundua kwamba heshima zetu zote hazina pa kukaa, maana hakuna uso wa kukwepa. Tuliongea muda mrefu. Alisema za kwake nazo zimeungua, ni mwaka mbaya wa nyanya, niziondoe zote nizichome nisizitupe kwenye samadi. Aliniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula.

Maharage yake yalipofika kupaliliwa alisema mgongo unamsumbua. Nilifunga karakana, nikapanda basi kwenda Biharamulo. Shamba lake liko kwenye mteremko, kubwa kuliko nilivyodhani, na maharage yalikuwa yamezidiwa na magugu. Tulianzia ncha mbili tofauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njiani na kuni kichwani alisimama, akamsalimu mama, akanitazama, akauliza huyu ni nani.

"Ni mkwe wangu," mama alisema, akiendelea kupalilia. "Amekuja kulima."

Yule mwanamke akasema karibu baba, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimemaliza mstari wangu. Nikasogea kwenye mwingine.